Kiti cha 13 na Kiti cha 14

Sài Gòn, 3 Machi 1996

Mdogo wangu Sáu,

Kaa kwanza ndipo usome. Nakujua, barua unazisoma umesimama mlangoni, mguu mmoja uko nje.

Wamenikumbuka. Kamati ya Tuzo ya Taa imeniletea kadi ngumu yenye maandishi ya dhahabu. Taa ya heshima, ile wanayowapa wasanii wanaohofiwa kuwa hawatafika mwakani, mwaka huu ni yangu. Sherehe ni Jumamosi tarehe 27 Aprili, ukumbi wa Lam Kiều. Ukumbi wetu, Sáu. Mimi mbele ya pazia, wewe nyuma yake, na moshi wa jiko la yule muuza tambi ukitupalia sote wawili.

Sasa nisikilize. Kadi inasema nitapanda jukwaani niseme maneno machache ya shukrani. Nimeyatunga, Thục ameyachapa kazini kwake, nimeyakariri. Jumatatu ninayo yote. Jumanne ninaamka, mengine hayapo. Mimi, ambaye nilishika michezo arobaini kichwani. Kusoma kwenye karatasi sitaki. Anayeitwa Bạch Nhạn kwenye mabango hajawahi kupanda jukwaani na karatasi, na hataanza akiwa na miaka sitini na sita.

Kwa hiyo nakutaka wewe. Nyuma ya pazia sikutaki, siku hizi huko kumejaa watoto wenye nyaya masikioni. Nakutaka kwenye kiti cha jirani yangu. Nikiitwa, utanishika mkono mpaka kwenye ngazi kama mtu anayemsaidia dada yake mzee, utabaki hapo chini, na nikikwama utaninong'oneza neno kama zamani. Nani atajua? Miaka yote ile uliyoninong'oneza, nani alijua?

Thục usimwambie. Siku hizi mwanangu ananitazama kama anayetazama sufuria ya maziwa motoni.

Msalimie Liễu. Mwambie yale matunda makavu ya longani aliyonipa yamekwisha, asingoje niombe.

Dada yako,
Tư


Bạc Liêu, 12 Machi 1996

Dada Tư,

Hongera. Nimekaa nikasoma, nikasimama nikasoma tena. Wamechelewa, lakini afadhali wamefika.

Kuhusu kuja, ni vigumu. Mpwa wangu ameuliza watu wa huko kwenu. Ukumbi karibu wote umegawiwa kwa kadi: ofisi za serikali, magazeti, kampuni ya bia inayogharamia sherehe, na wake zao, na mashemeji wa wake zao. Wananchi wameachiwa roshani ya juu peke yake, na nasikia foleni inajaa kabla hata dirisha la tiketi halijafunguliwa. Nikikaa roshani nitakufaa nini? Kukunong'oneza kutoka kule labda nitumie tarumbeta.

Halafu huu ni msimu wa kuvuna chumvi. Mpwa wangu yuko shambani tangu alfajiri, na mimi ndiye ninayebaki na nyumba.

Mtafute kijana wa chuo cha sanaa umfundishe. Wao sauti zao bado mbichi.

Salamu zako nimezifikisha kwa Liễu leo asubuhi.

Ndugu yako,
Sáu Thời


Bạc Liêu, 12 Machi 1996

Mwanangu Thục,

Naituma barua hii ofisini kwako ili isipitie mikononi mwa mama.

Mama yako ameniagiza nimsalimie Liễu. Wewe ulikuwepo mwaka juzi tulipomzika. Mama yako ndiye aliyemwosha uso mke wangu na kumvalisha. Leo nimekwenda makaburini, nikachoma ubani, nikamwambia, "Dada Tư anakusalimu, anataka longani." Sikujua nicheke au nilie, basi nikafanya vyote.

Niambie ukweli wa kichwa chake, nami nitakuambia ukweli wangu, ubaki nao. Mwezi wa kumi na mbili nilifanyiwa upasuaji Cần Thơ. Kulikuwa na uvimbe kooni. Wameutoa, na sauti wameitoa pamoja nao. Napumua kwa tundu lililo shingoni, nalifunika kwa skafu. Nikifungua mdomo unatoka upepo tu. Nyumbani naandika kwa chaki kwenye kibao, na mpwa wangu ananijibu kwa sauti kubwa kama vile masikio nayo yametolewa.

Mama yako anataka nikakae karibu naye nimnong'oneze. Katika dunia nzima ameniomba kitu kimoja, na ndicho nisichokuwa nacho. Nimemwandikia habari za tiketi na chumvi. Kumwambia siwezi. Ile sauti ilikuwa yake kuliko yangu, hakuna mwingine aliyeisikia.

Mjomba wako,
Sáu


Sài Gòn, 20 Machi 1996

Mjomba Sáu,

Shikamoo. Niliisomea barua yako chooni kazini, maana pale ofisini hakuna pa kulia. Pole sana, Mjomba. Ungetuambia tungekuja Cần Thơ.

Ya mama ni kama unavyodhani. Daktari anasema ubongo unachakaa, dawa za kuuchelewesha zipo, za kuurudisha hazipo. Mambo ya zamani anayo, ya jana hana. Wiki iliyopita aliweka viatu vyake kwenye jiko la wali. Asubuhi nyingine yuko sawa kabisa, ananigombeza kwa nini nimenunua samaki wa macho mekundu.

Mimi naona asiende. Watu wale wanamkumbuka akiwa Bạch Nhạn, amesimama katikati ya jukwaa na hakuna anayekohoa. Sitaki wamwone akitafuta neno mbele ya kamera huku mtangazaji wa televisheni anamsaidia kwa tabasamu. Halafu wacheke. Akifika nyumbani atasahau tuzo, ila aibu haitamtoka. Daktari mwenyewe ameniambia hivyo, kwamba jambo linapotea lakini uchungu wake unabaki mwilini. Nataka niwaambie waandaaji kwamba anaumwa.

Shida ni kwamba kila siku ananitoroka. Jirani amemwona mara mbili kwenye dirisha la tiketi la Lam Kiều, amevaa kofia ya jua ya wauza mboga, amejipanga foleni na wananchi. Nilipomuuliza alisema, "Namtafutia Sáu kiti." Nisaidie, Mjomba. Wewe anakusikiliza. Mwandikie abaki nyumbani.

Wako,
Thục


Sài Gòn, 29 Machi 1996

Sáu,

Habari kubwa. Wamenipa taa ya heshima, ile ya Tuzo ya Taa. Sherehe ni tarehe 27 mwezi ujao. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Na kiti chako ninacho. Acha nikusimulie maana sijafurahi hivi tangu tuliposhangiliwa Mỹ Tho. Kadi yangu imeandikwa mstari D, kiti 13, pembeni karibu na ngazi ya kupandia. Niliwaomba waandaaji kiti cha pili. Bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni akaniambia, "Bibi, msanii mmoja kiti kimoja, hata mke wa mwenyekiti tumempa shida." Nikasema sawa, nitanunua kama mwananchi.

Unajua maishani mwangu sijawahi kukata tiketi? Siku zote nimeingilia mlango wa nyuma. Ukumbi nimeutazama kutoka mbele ya taa, na kutoka pale huoni viti, unaona giza linalopumua. Basi nikajipanga. Leo jua lilikuwa kali, wanawake mbele yangu wanalishana mbegu za tikiti na kusengenya wasanii. Walinisengenya na mimi pia, Sáu, nikiwa papo hapo. Mmoja anasema, "Bạch Nhạn si alishakufa?" Mwenzake anajibu, "Hajafa, kazeeka tu, na aliyezeeka nani anamwona?" Nikawaambia, "Mimi nasikia bado mzuri." Wakanitazama toka kofia mpaka ndala.

Nikafika dirishani. Binti wa nywele fupi hata hakuinua macho.

"Za chini zimekwisha, Bibi. Tena hazikuwahi kuanza. Roshani ipo moja, nyuma ya nguzo."

"Sitaki nguzo. Nataka mstari D, 14."

"Bibi, hapa si sokoni, hatuchagui samaki."

Nyuma mtu akafoka, "Mpe huyo bibi wa watu, tutazeekea hapa na sisi." Binti akapekua kwa hasira, akasimama. "Una bahati ya ajabu. Kuna ofisi imerudisha kadi zake leo asubuhi. D 14 ipo. Unaitaka huitaki?"

Nikaitaka. Nimeiweka humu ndani, imefungwa kwenye karatasi ya sigara. Kumi na tatu mimi, kumi na nne wewe. Bega kwa bega. Nimemwambia Thục nikakuta macho yake yamejaa maji, sijui ana nini mtoto huyu.

Nimempa dereva wa basi chupa ya ndimu za chumvi akuletee. Kata moja, tia maji ya moto, kunywa kila asubuhi mpaka siku yenyewe. Sauti yako niikute imelainika. Liễu naye aje, akae roshani na Thục.

Tư


Bạc Liêu, 6 Aprili 1996

Thục,

Tiketi imefika, na ndimu zimefika. Nimeziweka juu ya meza ya wahenga, karibu na picha ya Liễu, kwa sababu kuzinywa bila kazi naona ni dhambi.

Sijui kama umeiangalia ile namba. Katika nchi hii kila aliyewahi kukata tiketi anajua kwamba kumbi zetu za zamani zina namba witiri upande mmoja na namba shufwa upande wa pili. Moja na mbili ndizo zinazopakana, katikati kabisa. Kutoka hapo kila moja inakwenda zake: moja, tatu, tano mpaka ukuta wa kushoto, na mbili, nne, sita mpaka ukuta wa kulia. Jirani wa 13 ni 11. Kiti cha 14 kiko ng'ambo ya ukumbi, watu wote wa mstari D wakiwa kati yetu. Mama yako ametafuta mpaka amenipatia kiti kilicho mbali naye kuliko vyote katika mstari ule.

Kusema kweli, nilipoiona ile namba nilipumua. Nikiwa kule hatanigeukia kunisemesha, na hatajua kwamba sina cha kumjibu. Baadaye nikaona haya. Nimemwandikia mstari mmoja tu, "Nitakuja." Kosa la namba sikumwambia.

Unataka nimzuie. Nimejaribu kuiandika hiyo barua, Thục, nimechana karatasi mpaka mpwa wangu ameuliza kama naandika mchezo. Mama yako alisimama foleni juani kwa ajili ya kiti changu. Nitamwambiaje akae nyumbani?

Jaribu jambo moja. Nenda kwa waandaaji, uwaombe mwenye 11 abadilishane kiti na mimi. Hata bila sauti, akiniona karibu huenda akatulia.

Sáu


Sài Gòn, 17 Aprili 1996

Mjomba,

Nimekwenda. Yule bwana wa kalamu mbili alinisikiliza vizuri sana, halafu akasema 11 ni ya naibu mkurugenzi wa kampuni ya bia, na kiti cha mfadhili hakihamishwi. "Hata akikosa kuja, dada, kile kiti kitakaa wazi na jina lake." Nilimweleza kwamba mama yangu ni mzee na angependa kukaa na ndugu yake. Akasema, "Basi mngekata namba za upande mmoja." Nilitoka kabla sijamtukana.

Kwenda ataenda. Nimeacha kumzuia, na nitakuambia kwa nini. Juzi nilirudi mapema nikamkuta mezani, ameweka kiti kitupu ubavuni kwake. Anasema hotuba. Akikwama ananyamaza, anainamisha kichwa kidogo upande wa kile kiti, anangoja. Halafu anaendelea. Sijui alisikia nini, Mjomba, lakini aliendelea. Nilibaki nyuma ya mlango na mfuko wangu wa mboga mpaka akamaliza.

Mimi nimepata roshani, ile ya nyuma ya nguzo. Nitainama niwaone wote wawili.

Thục


Sài Gòn, 29 Aprili 1996

Mjomba Sáu,

Mbona umeondoka? Nilishuka mbio kutoka roshani na kiti chako kilikuwa kitupu. Nilikutafuta mpaka kwenye maegesho ya baiskeli. Mpwa wako anasema ulipanda basi usiku huohuo. Najua sababu, uliogopa atakuja akushike mkono aseme, "Haya, zungumza." Lakini inakupasa ujue kilichotokea, kwa sababu wewe ulikuwa ndani yake na mimi ndiye niliyekiona chote kutoka juu.

Alikaa vizuri tangu mwanzo. Yule naibu mkurugenzi, mnene mwenye suti ya kijivu, alikuja kweli, na mama alizungumza naye muda wote kwa kumnong'oneza, akimpigapiga goti. Yule bwana alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nilifikiri, basi angalau ana mtu.

Walipomwita, akapanda ngazi peke yake, kichwa juu. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi, ukakaa. Akapokea taa. Akasema, "Ndugu zangu," na pale ndipo kila kitu kilipokatika.

Ulikuwa ukimya gani ule, Mjomba. Mwanzoni watu walidhani amezidiwa na furaha. Halafu wakaanza kutazamana. Mtu mmoja roshani alicheka puani. Mtangazaji akapiga hatua kuelekea kwake na tabasamu lake, lile nililoliogopa tangu mwezi wa tatu. Mama akainamisha kichwa upande, akingoja.

Nikakutazama wewe. Ulikuwa umesimama. Mdomo wako ulikuwa wazi na mkono wako uko kwenye skafu, na nilijua unamwita, na nilijua hakuna kinachotoka. Vile viti vya Lam Kiều ni vya mbao, mtu akinyanyuka kiti kinajikunja chenyewe nyuma yake. Cha kwako kikajikunja. Ko.

Ukumbi mzima ulisikia. Mama akageuza kichwa. Wewe hukugeuka hata kukitazama. Uliweka mkono nyuma, ukakikunjua, ukakiachia. Ko. Ukangoja. Ko. Mimi nimekulia nyuma ya jukwaa, lile pigo nalijua tangu kabla sijajua kusoma. Ni pigo la kile kibao kidogo wapiga ala wanachokigonga kwa mguu, kumwonyesha mwimbaji wa vọng cổ, zile nyimbo zetu za jukwaani za kuvutwa, mahali pa kuishusha pumzi. Mtu wa mlangoni akaanza kuja kwako akunyamazishe. Ko.

Na mama akaimba. Hotuba aliiacha palepale. Aliimba ule wimbo wa mama anayemshonea mwanawe koti kwa kipimo cha zamani, hajui mtoto amekwisha kuwa mkubwa. Bila ala yoyote, na kile kiti chako tu kikimhesabia. Aliivuta ile sentensi ya kwanza mpaka nikadhani atakatika, na alipoishusha, aliishusha juu ya pigo lako kabisa, na watu wakapiga kelele kama zamani, wazee kwa vijana, mtangazaji naye. Yule mtu wa mlangoni alibaki amesimama na tochi yake. Aliimba mpaka mwisho, hakukosa hata neno. Magazeti ya leo yanasema aliamua kuimba badala ya kuhutubia, na kwamba ni ubunifu wa mkongwe. Kuhusu wewe hawajaandika kitu. Gazeti moja linalalamika kwamba viti vya ukumbi ni vibovu.

Sasa nina ombi. Asubuhi yake mama alinisimulia kwamba Mjomba Sáu alikaa pembeni yake usiku kucha na kumnong'oneza kila neno. Amesema sauti yako haijazeeka. Nadhani yule naibu mkurugenzi amemchukulia kuwa wewe. Atakuandikia, naye anaandika sasa hivi, namwona kutoka hapa. Mjomba, nakuomba usimsahihishe. Lakini kama utaona ni uongo usioweza kuubeba, mimi sitakulaumu.

Thục


Sài Gòn, 29 Aprili 1996

Mdogo wangu Sáu,

Ulinikimbia bila hata kunywa chai, lakini nimekusamehe, kwa sababu ya ile kazi.

Nilijua utakuja. Nilipokaa tu 13 nikakuona uko hapo ubavuni, nikatulia kama mtoto aliyeshikwa mkono barabarani. Umenenepa, Sáu. Na ile suti ya kijivu umeitoa wapi, hukuwahi kunionyesha. Mwenzio nilikuwa nakusimulia habari za Mỹ Tho, siku ile taa zilipozimika na wewe ukaninong'oneza mchezo mzima gizani, na ulikuwa unaitikia tu kwa kichwa. Nikasema, anatunza sauti, ameijua kazi yake.

Pale juu kweli nilikwama. Kwako siwezi kuficha. Kulikuwa kweupe kila upande, sijui hata nilisimama kwa nani. Nikainamisha sikio kama nilivyozoea, nikasema moyoni, Sáu, nipe. Nawe ukanipa. Sauti ileile, kavu kidogo, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja. Neno moja tu ulinipa na mengine yote yakaja yenyewe yamefuatana.

Nilikuwa nimeogopa sana. Miezi hii, nikiamka, nagusa vitu vya chumbani nihakikishe majina yake. Nilifikiri nikisahau mbele ya watu basi hakuna kitakachobaki changu. Sasa siogopi sana. Yakipotea, wewe unayo.

Thục anasema taa niiweke kabatini. Mimi nimeiweka dirishani ili waone wale wanawake wa foleni, wakipita.

Mbona Liễu hukuja naye? Au amenikasirikia kuhusu zile longani?

Dada yako,
Tư


Bạc Liêu, 6 Mei 1996

Dada Tư,

Unisamehe kwa kuondoka. Basi la usiku halingoji, na mimi sijui kuaga, unanijua.

Suti niliazima, ndiyo maana hukuwahi kuiona. Na kunenepa ni kweli, mpwa wangu ananilisha kama bata wa sikukuu ya Tết. Ndimu zako zimenisaidia sana. Kila asubuhi naitazama ile chupa na koo linalainika.

Nilikaa hapo ubavuni kwako, 13 na 14, kama ulivyopanga. Nilikusikia mpaka ulipovuta pumzi. Uliponigeukia niliitikia kwa kichwa, kwa sababu kazi yangu ilikuwa bado haijafika. Nilipoona umeinamisha sikio nikakupa neno lako. Sikukupa lolote zaidi. Yaliyobaki uliimba wewe, na sijakusikia ukiimba vile tangu tukiwa vijana.

Wakikuita tena mwakani, nenda ukakate tiketi dirishani kama safari hii. Omba namba zilezile.

Liễu hakukasirika. Alichoka tu, ndiyo maana alibaki nyumbani. Longani anakuanikia, nitazileta mwenyewe.

Anakusalimu.

Ndugu yako,
Sáu